Viza ya kuingia mara nyingi haiamuliwi dirishani

Kwenye stika ya viza ya Schengen, ile ya nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi kwenye mipaka baina yao, kuna nafasi ndogo ambayo watu wetu huitazama kabla hata hawajahakiki kama jina limeandikwa sawasawa. Hapo huandikwa kimoja kati ya vitu vitatu: 01, 02 au MULT. Mwenye 01 akishaingia Ulaya na kutoka, habari imeishia hapo, hata kama tarehe ya mwisho ya viza bado iko mbele. Mwenye MULT huingia na kutoka apendavyo hadi viza iishe, alimradi asizidishe siku 90 katika kila siku 180. Wote wawili wamelipa ada ileile, wamechukuliwa alama za vidole kwenye mashine ileile, wamepeleka taarifa za benki za miezi ileile. Lakini mmoja akipigiwa simu Jumatatu kwamba mdogo wake anaolewa Hamburg wiki ijayo, anatafuta tiketi. Mwenzake anatafuta miadi.

Mtaani maelezo hayakosekani. Wapo wanaosema ni nyota ya mtu. Wapo wanaoamini ni salio: ukionyesha milioni hamsini unapewa miaka, ukionyesha tano unapewa wiki mbili. Na wapo madalali wanaouza "mult" kwa bei yake, eti wana mtu wao ndani. Haya yote yanachukulia kwamba uamuzi hufanyika siku ile, dirishani, kwa kadiri afisa alivyoamka. Mimi naona sivyo. Urefu wa viza una kanuni iliyoandikwa na yeyote anaweza kuisoma, na mengi yanayoamua kama Mtanzania au Mkenya atapewa MULT yameshaamuliwa kabla hajapanga foleni. Nusu yake imo katika historia ya safari zake. Nusu nyingine imo katika mazungumzo ambayo serikali yake imefanya na Brussels, yaliko makao ya Umoja wa Ulaya, au haijafanya.

Tuanze na kanuni yenyewe. Umoja wa Ulaya una Kanuni ya Viza ya mwaka 2009, namba 810, iliyorekebishwa mwaka 2019 na marekebisho yake kuanza kutumika tarehe 2 Februari 2020. Kifungu cha 24 ndicho kinachotuhusu. Kinasema kwamba mwombaji aliyepata na kutumia kihalali viza tatu ndani ya miaka miwili iliyotangulia atapewa viza ya kuingia mara nyingi ya mwaka mmoja. Aliyepata na kuitumia vizuri hiyo ya mwaka mmoja ndani ya miaka miwili iliyotangulia atapewa ya miaka miwili. Aliyeitumia vizuri ya miaka miwili ndani ya miaka mitatu iliyotangulia atapewa ya miaka mitano. Ni ngazi, na kila kidato kinakanyagwa baada ya kile cha chini yake.

Tazama lugha ya kifungu hicho. Hakisemi "anaweza kupewa". Kinasema atapewa, ilimradi ametimiza masharti ya kawaida ya kuingia. Afisa akitaka kupunguza anapaswa kuwa na mashaka ya msingi, na kifungu kimempa nafasi hiyo, lakini kimeiweka kama jambo la pembeni. Kwa hiyo mtu mwenye viza tatu zilizotumika vizuri, anayejaza kwenye fomu kwamba anaomba kuingia mara moja kwa sababu ameambiwa asionekane ana tamaa, anaacha mezani kitu ambacho sheria imeshamwekea. Nimeona watu wenye pasipoti zilizojaa mihuri wakifanya hivyo. Heshima ya Mswahili mbele ya meza ya ofisi ni kitu kizuri, ila hapa inamgharimu.

Neno la kuchunga katika kifungu hicho ni "kutumia". Viza uliyopewa ukaghairi safari haihesabiwi, maana hujaitumia. Viza uliyoitumia ukapitiliza hata siku chache inageuka kuwa ushahidi dhidi yako. Na dirisha la muda ni jembamba. Hapo ndipo kanuni hii, ambayo kwa mbali inaonekana ya haki, inapoanza kuchechemea.

Chukua mfano wa mama wa Temeke ambaye bintiye ameolewa Utrecht, Uholanzi; tumwite mama wa Utrecht. Kila mwaka, mwezi wa Agosti, huenda kuwaona wajukuu kwa wiki tatu, halafu anarudi kwenye duka lake. Hajawahi kuchelewa kurudi hata siku moja. Kila anapoomba, ndani ya miaka miwili iliyotangulia ana viza mbili: ya mwaka jana na ya mwaka juzi. Hana tatu. Mwaka unaofuata ya zamani inatoka kwenye hesabu, mpya inaingia, na bado ana mbili. Anaweza kwenda hivyo miaka kumi mfululizo, kwa uaminifu usio na doa, asikanyage hata kidato cha kwanza. Wakati huohuo mfanyabiashara aliyekwenda Milano mara tatu ndani ya miezi minane kununua mashine ameshapanda. Kanuni inasema inapima uaminifu, lakini kipimo chake ni wingi wa safari, na wingi wa safari ni suala la mfuko.

Gharama zenyewe si za kupuuza. Tangu tarehe 11 Juni 2024 ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90, kutoka 80. Mtoto wa miaka 6 hadi 11 analipiwa euro 45, na walio chini ya hapo ni bure. Juu yake kuna ada ya kituo cha kupokea maombi, ambayo kwa kawaida haipaswi kuzidi nusu ya ada ya viza. Halafu kuna bima ya afya ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000. Mama wa Utrecht, kwa ada ya viza peke yake na kwa kiwango cha sasa, angetumia euro 900 katika miaka kumi, na hapo hatujagusa nauli. Kama angekuwa na viza ya miaka mitano angelipa 180. Na ada hairudi ukinyimwa.

Sheria imemwachia mlango mmoja, na waombaji wengi hawaujui. Kifungu hichohicho cha 24 kinaruhusu ubalozi kutoa viza ya kuingia mara nyingi, hadi miaka mitano, kwa mtu anayethibitisha kwamba ana haja au nia ya kusafiri mara kwa mara, hata kama hajapanda ngazi. Hapo sheria inatumia "inaweza", na kila kitu kinategemea jinsi ulivyojieleza. Barua za maombi ninazoonyeshwa na ndugu na jamaa karibu zote zinafanana: naomba viza kwa ajili ya utalii, nitarudi nyumbani baada ya safari, natanguliza shukrani. Barua kama hiyo haimpi afisa sababu yoyote ya kuandika MULT. Hata akitaka, hana cha kuandika kwenye faili.

Barua ya mama wa Utrecht ingepaswa kusema kitu cha namna hii: nimekwenda Uholanzi kila Agosti kwa miaka sita, nakala za viza na mihuri ya kuingia na kutoka zimeambatanishwa kwa mpangilio wa tarehe, binti yangu anatarajia kujifungua Februari na nitakwenda tena wakati huo, cheti cha kliniki kimeambatanishwa, naendelea kumiliki duka, leseni na risiti za kodi za miaka mitatu hizi hapa, kwa sababu hizi naomba viza ya kuingia mara nyingi chini ya kifungu cha 24. Aya moja, haijapambwa, kila sentensi na karatasi yake. Namba ya kifungu iwemo. Mwombaji anayeitaja anasomwa tofauti kidogo.

Kuhusu salio, niseme neno. Kujaza akaunti, yaani kukopa milioni kadhaa kwa rafiki, kuziingiza benki wiki moja kabla ya kuchapisha taarifa na kuzirudisha siku inayofuata, ni mchezo ambao kila afisa ameuona. Kinachotazamwa ni mtiririko: mshahara unaoingia tarehe zilezile, mauzo yanayopanda na kushuka kama biashara ya kweli inavyofanya. Akaunti ya laki nane inayopumua kila mwezi inaeleweka kuliko ya milioni thelathini iliyozaliwa juzi. Na kwa suala la MULT, pesa inathibitisha kwamba unaweza kugharimia safari moja. Haithibitishi kwamba una sababu ya safari tano.

Mambo madogo nayo huamua. Pasipoti inatakiwa iwe na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya siku unayopanga kutoka Schengen, kwa hiyo anayeomba viza ndefu kwa pasipoti iliyobakiza mwaka na nusu amejikatia mwenyewe. Ni bora kuihuisha kwanza, kisha kuomba, na kwenda na nakala za ile ya zamani. Bima kwa anayeomba kuingia mara nyingi inatakiwa kwa safari ya kwanza tu. Kwa zinazofuata unasaini kwenye fomu kwamba unajua utapaswa kuikata kila mara. Kuna watu wameuziwa bima ya mwaka mzima bila sababu. Na maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Uamuzi unatakiwa kutoka ndani ya siku 15, lakini unaweza kusogezwa hadi siku 45, kwa hiyo anayeomba Juni kwa safari ya Julai asishangae.

Tena kuna wale wanaohitaji MULT bila kujua. Familia inapanga Amsterdam siku nne, London siku tatu, kisha Paris na kurudi nyumbani. London haimo Schengen, wala Dublin. Ukitoka Amsterdam kwenda London umetoka Schengen, na kuingia Paris ni mara ya pili. Mwenye 01 atazuiwa kupanda treni kwenye kituo cha St Pancras, London, na tiketi yake ya ndege ya Paris kwenda Dar itabaki karatasi. Ratiba ya namna hiyo yenyewe ni sababu tosha ya kuomba angalau mara mbili, ila ni lazima ionekane kwenye barua na kwenye tiketi, pamoja na viza ya Uingereza iliyokwisha kutolewa.

Sasa twende kwenye dirisha lenyewe, maana hapo watu huacha nguvu zao nyingi. Katika miji mingi yetu huoni ubalozi wala ubalozi mdogo. Unaona kituo cha kampuni binafsi iliyopewa kazi ya kupokea karatasi. Kijana aliyekaa nyuma ya kioo ana orodha, anaweka alama ya vema mbele ya kila hati, anachukua vidole kumi na picha, anakupa risiti. Haamui chochote. Uamuzi unaweza kufanyika ghorofa nyingine, mji mwingine, hata nchi nyingine. Lakini ni huyohuyo kijana ambaye wakati mwingine humwambia mtu, kwa nia njema kabisa, "andika mara moja tu, hawatoi nyingi hapa." Au hurudisha nakala za viza za zamani kwa sababu hazimo kwenye orodha yake. Usikubali zirudi. Muombe kwa upole azipokee kama hati za ziada. Faili linalomfikia konsula bila historia ni faili la mtu asiye na historia.

Na ukipewa 01 wakati uliomba MULT, hutapewa maelezo. Anayenyimwa viza kabisa hupewa fomu yenye sababu zilizowekewa alama na maelezo ya namna ya kukata rufaa katika nchi iliyomnyima. Aliyefupishiwa kwa kawaida hupewa pasipoti yake tu, ndani ya bahasha. Huo ndio udhaifu mkubwa wa mfumo huu: sheria inasema "atapewa", halafu asipopewa hakuna karatasi ya kumwambia kwa nini. Ushauri wangu ni kuandika barua pepe fupi kwa kitengo cha viza, kuuliza kwa heshima kifungu cha 24 kilitumikaje. Wengine hawajibu. Wakijibu, una kitu cha kuweka kwenye faili la mwakani.

Kuna kosa jingine ambalo huwapata waliofanikiwa. Mtu anapata viza ya miaka miwili na anadhani amepewa miaka miwili ya kukaa. Hapana. Hesabu ni siku 90 katika kila siku 180, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Ukiingia tarehe 1 Machi na kukaa mfululizo, siku ya 90 ni tarehe 29 Mei. Hapo unatoka, na mapema kabisa unayoweza kurudi ni tarehe 28 Agosti. Zamani askari wa mpakani alipekua mihuri kwa kidole, akachoka, akakuachia. Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 Ulaya imeanza mfumo wa kielektroniki wa kuandikisha wanaoingia na kutoka, unaokwenda na vidole na uso, na kazi ya kuhesabu ni ya mashine. Mfumo huo unachukua nafasi ya mihuri. Kwa msafiri mwaminifu hili lina sura mbili: rekodi yake safi inahifadhiwa bila ubishi, lakini pasipoti yake haimtolei tena ushahidi mkononi. Tunza vipande vya kupandia ndege. Mama wa Utrecht asivitupe.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba kila mtu anapanda ngazi moja. Hapana, na hapa ndipo nilipotaka kufika.

Muscat kuna familia nyingi zenye asili ya Zanzibar na mwambao, zinazozungumza Kiswahili ndani na Kiarabu nje. Chukua binamu wawili wa familia ya namna hiyo. Mmoja ana pasipoti ya Oman. Mwingine amekwenda huko kwa kazi, ana kibali halali cha ukaazi na pasipoti ya Tanzania, na kwa sababu ya ukaazi huo ana haki ya kuomba viza ya Schengen hapohapo Muscat badala ya kurudi Dar es Salaam. Wanaishi mtaa mmoja, wana mishahara inayolingana, wanataka kwenda kutalii Uhispania pamoja, wanafikisha maombi siku moja. Mwenye pasipoti ya Oman, hata kama hajawahi kufika Ulaya maishani mwake, anastahili viza ya kuingia mara nyingi ya miaka mitano, kwa uamuzi wa Kamisheni ya Ulaya uliotangazwa Aprili 2024 kwa raia wa Oman, Saudi Arabia na Bahrain. Binamu yake anaanzia chini ya ngazi. Konsula aliyesoma mafaili hayo mawili hakuwa na upendeleo wowote. Alifuata karatasi.

Kifungu cha 24 kinaruhusu hilo waziwazi: balozi za nchi za Schengen katika eneo fulani hukaa na kupima kama kanuni ya jumla ilegezwe au ikazwe kwa mazingira ya pale, na Kamisheni huipitisha. India ilipata yake Aprili hiyohiyo ya 2024. Mhindi anayeishi India, aliyepata na kutumia vizuri viza mbili ndani ya miaka mitatu, anapewa ya miaka miwili, na baada yake ya miaka mitano. Angalia dirisha hilo: viza mbili ndani ya miaka mitatu. Mama wa Utrecht angekuwa Mama wa Ahmedabad, angekuwa ameshapanda zamani. Uturuki ikafuata Julai 2025: aliyetumia vizuri viza ya kwanza anapewa ya miezi sita, kisha mwaka, kisha miaka mitatu, kisha mitano. Indonesia nayo ikapata unafuu wake mwezi huohuo.

Upande wa pili wa mizani yupo jirani yetu. Aprili 2024 Baraza la Umoja wa Ulaya liliamua kwamba raia wa Ethiopia wasipewe tena viza za kuingia mara nyingi kwa utaratibu wa kawaida, na muda wa kushughulikia maombi yao ukapanda kutoka siku 15 hadi 45. Sababu iliyotolewa ni kwamba serikali ya Addis Ababa haikushirikiana ipasavyo katika kuwapokea raia wake waliokuwa wanarudishwa kutoka Ulaya bila vibali. Gambia ilionja hayo mapema zaidi, mwaka 2021. Profesa wa Addis aliyekwenda Ulaya mara ishirini na kurudi mara ishirini alipoteza MULT yake kwa ajili ya watu asiowajua na barua ambazo wizara haikuzijibu. Kwa maneno mengine, viza ndefu ni chombo cha diplomasia: hutolewa kama tuzo na huondolewa kama adhabu, na mwombaji wa kawaida ni kokoto katika mchezo huo.

Najua jibu la upande wa pili. Watasema Afrika Mashariki ina watu wanaozamia, na ni kweli wapo. Lakini hoja hiyo haigusi viza ya kuingia mara nyingi hata kidogo. Anayetaka kuzamia anahitaji kuingia mara moja tu. 01 inamtosha, na wala hana haja ya kurudi kuomba tena. Mtu anayeomba MULT anasema, kwa vitendo, kwamba anataka kutoka. Aliyekwisha kutoka mara sita kwa tarehe zake, kumlazimisha aanze upya kila mwaka hakumlindi Mholanzi wala Mjerumani dhidi ya yeyote. Kunamwongezea tu konsula mafaili, na wao wenyewe wanalalamika mafaili ni mengi: mwaka 2024 balozi za Schengen zilipokea maombi zaidi ya milioni 11 duniani kote.

Waingereza wamechagua njia nyingine, nayo siisifu sana. Viza yao ya kawaida ya matembezi ya miezi sita kwa kawaida inaruhusu kuingia mara nyingi, na anayetaka ndefu zaidi anaomba ya miaka miwili, mitano au kumi kwa bei yake: kwa viwango vya Aprili 2025 zilikuwa pauni 127 kwa miezi sita, 475 kwa miaka miwili, 848 kwa mitano na 1,059 kwa kumi. Ukiomba ya miaka kumi wakakupa fupi zaidi, tofauti hairudi. Walau ni wazi kwamba ni biashara.

Nasi tusijifanye hatujui mambo haya. Mjerumani anayeshuka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro analipa dola 50 na kuingia. Mmarekani anatozwa dola 100, lakini anapewa ya miezi 12 ya kuingia mara nyingi. Tunajua, basi, jinsi ya kuandika masharti tofauti kwa pasipoti tofauti. Na viza ya pamoja ya utalii ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 2014 kwa dola 100 na siku 90, inahusu Kenya, Uganda na Rwanda tu. Mtalii aliyeikata Nairobi akavuka Namanga kwenda kuona Serengeti, ametoka nje ya eneo lake. Akitaka kurudi Maasai Mara anahitaji kibali kingine. Tanzania ilibaki nje kwa hiari yake. Kwa hiyo tatizo la familia ya Amsterdam, London na Paris tumelitengeneza hapahapa nyumbani, tukawauzia wageni.

Ninachotamani kukiona kina mipaka na kinaweza kuombwa. Wala sitamani safari bila viza. Hilo liko mbali. Naomba kile alichopata Mhindi: viza mbili zilizotumika vizuri ndani ya miaka mitatu, kisha miaka miwili, kisha mitano. Hakihitaji sheria mpya Ulaya, kwa sababu kifungu kipo. Kinahitaji serikali inayokaa mezani na takwimu za raia wake waliorudi kwa wakati, na iliyo tayari kujibu barua za upande wa pili kuhusu wale ambao hawakurudi. Kenya imeonyesha kwamba mazungumzo yanawezekana: Septemba 2024 ilisaini na Ujerumani, mjini Berlin, makubaliano ya uhamiaji yanayohusu wafanyakazi na kurudishwa kwa wasio na vibali. Lakini urefu wa viza ya mtalii hauamuliwi Berlin, unaamuliwa Brussels, na sijawahi kumsikia waziri wetu yeyote, wa Nairobi au wa Dodoma, akirudi kutoka huko na habari za kifungu cha 24.

Wizara ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki ina idara ya Ulaya na Amerika. Umoja wa Ulaya una ofisi ya ubalozi wake Dar es Salaam, na balozi za nchi za Schengen zilizopo hapo hukutana kujadili mambo ya viza. Wabunge wanaouliza maswali ya barabara na maji kila kikao wanaweza kuuliza na hili: je, serikali imewahi kuomba, kwa maandishi, kanuni nafuu kwa Watanzania, na ilijibiwa nini?